Mbegu na Mizani

Desemba 2017, wiki chache baada ya kutunukiwa shahada ya uzamivu, nilisimamishwa mbele ya waumini katika kanisa dogo la mabati upande wa Dutwa, wilayani Bariadi, ili nitoe ushuhuda. Mchungaji alikuwa amekwisha kunitambulisha: mtoto wa mkulima wa pamba, aliyechunga ng'ombe peku, ambaye leo anaitwa daktari. (Bibi mmoja alinisubiri nje baada ya ibada anionyeshe goti lake.) Nilishika kipaza sauti, nikazungumza kama dakika kumi, na nilichokisema kwa jumla ni kwamba ni Mungu tu. Akina mama walipiga vigelegele. Baba mdogo, aliyekuwa ameketi benchi la pili, alilia.

Sikusema uongo siku ile, na imani yangu haijabadilika. Lakini yapo mengi niliyoyanyamazia. Sikusema kwamba karo yangu ya sekondari ilitoka katika pamba ya baba mdogo huyo, kwa kuwa baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la sita. Sikusema kwamba chuo kikuu nilisomeshwa kwa fedha za serikali, yaani kodi za watu, wakiwamo wale waliokuwa wakinipigia vigelegele. Sikusema kwamba ufadhili wa uzamivu niliuomba mara tatu na mara mbili nikakataliwa. Ushuhuda uliojaa fomu za maombi hauchangamshi ibada, nami nilitaka ibada ichangamke.

Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, alikuja mhubiri mgeni kwa mkutano wa siku tano. Sitamtaja, maana namfahamu kwa simulizi tu, na wa namna yake ni wengi. Alifundisha juu ya mbegu: kwamba Mungu hawezi kukuvunia usichopanda, na kwamba mbegu kubwa huvuta mavuno makubwa. Siku ya nne baba mdogo aliuza maksai wake wawili, wale wa kukokota plau, kwa shilingi 1,300,000. Siku ya tano aliitia fedha yote katika bahasha na kuipeleka madhabahuni. Hakumshauri mkewe wala hakunipigia simu.

Mvua zilipokuja alilazimika kukodi ng'ombe wa jirani, na jirani hulima shamba lake kwanza. Alipanda akiwa amechelewa, tena nusu ya eka alizozoea. Kisha ukafika msimu wa 2019, ambao wakulima wa Simiyu hawajausahau. Bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi walikaa miezi wakiwa wamekwisha kuikabidhi pamba yao bila kulipwa. Nilipokwenda kumwona Agosti ile, nilimuuliza kwa hasira iliyonipotezea adabu, kitu gani kilimpata hata akauza ng'ombe wa kulimia.

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "si wewe uliyesimama pale ukasema ni Mungu tu?"

Wenzangu wa mjini, hasa wasomi, hucheka wanaposikia habari kama hizi. Husema watu hawa ni wavivu wanaotaka utajiri wa bure. Maelezo hayo nayakataa, kwa sababu namjua mtu ninayemzungumzia. Katika Bariadi mbegu si lugha ya picha. Huu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na unaongoza nchini kwa pamba. Mkulima wa hapa anajua mbegu huwekwa ardhini mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, hupaliliwa, hupigwa dawa, na kuanzia Mei watoto na wazee hushinda shambani wakichuma, wakitenga pamba safi na fifi. Hatupi mbegu juu ya mwamba. Basi kwa nini mtu makini namna hiyo ampe mgeni bahasha?

Jibu nililolipata ni chungu. Amekwisha kuona, mwaka baada ya mwaka, kwamba bidii yake na kipato chake havina uhusiano anaoweza kuueleza. Mwaka aliolima vizuri zaidi ndio bei iliyoanguka. Mwaka wa bei nzuri, dawa za wadudu hazikufika. Bei inatoka katika soko asiloliona, kwa sababu asizoelezwa. Kwa mtu wa namna hiyo muujiza si jambo la ajabu, kwa kuwa hata malipo ya halali humfikia kama muujiza. Mhubiri hakumfundisha kuacha hesabu. Alimkuta mtu ambaye hesabu zake zimekwisha kukataa kujumlishika.

Wala si wakulima peke yao. Mwaka 2009 taifa zima lilishuhudia mambo ya DECI, mpango uliokuwa na wachungaji katika uongozi wake, ambamo watu walisema hawaweki akiba bali "wanapanda mbegu", na waliolipwa walisema "wamevuna". Waliopanga foleni walikuwamo walimu, wauguzi na watumishi wenye mishahara. Serikali iliusimamisha kwa kuwa ulikuwa upatu tu, fedha ya anayeingia ikimlipa aliyetangulia, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Neno mbegu halikutiwa hatiani. Liliendelea na safari yake hadi Dutwa.

Kuna historia nyingine ya imani na mali katika nchi hii ya Wasukuma, nayo hatuisimulii makanisani. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa, ambacho leo kimo wilayani Busega, mwaka 1909, na katika miongo iliyofuata Kanda ya Ziwa ikapata wasomaji wengi waliojifunzia herufi kwenye Biblia. Paul Bomani, aliyekuwa mtoto wa mhubiri wa Kisabato, ni zao la ukanda huo. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kuuliza mkulima ametoa kiasi gani. Waliuliza juu ya mizani. Wakulima walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa uzito kwenye vituo vya wanunuzi, hivyo wakaweka watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji. Kutoka kwenye jambo hilo dogo kilikua chama, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Shule nyingi za huku zilijengwa kwa fedha ya pamba ya wakati ule.

Sitaki kuupaka rangi ushirika. Serikali iliuvunja mwaka 1976, na uliporejeshwa viongozi wake wengine waliiba kwa bidii kuliko mnunuzi yeyote. Na mkulima naye si malaika. Sote tumewahi kuona pamba iliyonyunyiziwa maji au kutiwa mchanga usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Lakini swali la mizani lilikuwa swali la Kikristo kamili. Manabii wa Agano la Kale wanalirudia mara nyingi. Nimehudhuria ibada huku miaka mingi, na sikumbuki lini nililisikia likihubiriwa mwezi wa Juni, wakati linapohitajika.

Max Weber, katika kazi yake ya miaka ya 1904 na 1905 ambayo huwafundisha wanafunzi wangu, alidai kwamba Waprotestanti wa zamani wa Ulaya walitajirika kwa kufanya kazi kama amri na kuogopa kutumia walichopata. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama wokovu wa leo utatufikisha huko. Nilimjibu kwamba Mprotestanti wa Weber alibaki na ng'ombe wake.

Na tusiwatwishe wahubiri mzigo wote. Bariadi imetajirisha Kiswahili cha fedha kwa njia yake: John Cheyo wa UDP, aliyegombea urais mwaka 1995 na 2000, watu walimwita Bwana Mapesa, na Andrew Chenge, akiwa mbunge wa Bariadi Magharibi, ndiye aliyelipa umaarufu neno vijisenti mwaka 2008. Mkulima aliyezungukwa na mapesa upande huu na vijisenti upande ule, asipotamani muujiza, atatamani nini?

Kanisa lile, niseme haki, lilimtoa baba mdogo katika pombe, na lilimwondolea hofu ya wachawi iliyowahi kugharimu maisha ya wazee wengi katika ukanda huu. Bado anasali pale. Mhubiri mgeni hakurudi, na bahasha haikuzungumzwa tena.

Pasaka iliyopita mchungaji aliniomba tena nitoe neno. Safari hii nilikuwa na karatasi. Nilisoma: pamba ya msimu wa 1996, karo ya kidato cha pili. Pamba ya 1997, ng'ombe mmoja, karo na godoro. Fedha za serikali, chuo kikuu, miaka mitatu. Maombi matatu ya ufadhili. Nikaeleza kwamba maksai waliouzwa mwaka 2018 waliuzwa kwa sababu ya ushuhuda wangu uliokuwa na mapengo, na kwamba nimekwisha kununua wengine. Nikamshukuru Mungu kwa kila mstari, kisha nikaketi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mchungaji alikohoa, akaomba kwaya iimbe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba mdogo mbele, mikono nyuma. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mwembe wa njia panda.

"Umesahau baiskeli," akasema. "Ya nauli ya kidato cha tano."