Mayai Yalikushinda

Msomaji mwenzangu, kama umewahi kuendesha pikipiki nyuma ya mtu anayekwenda taratibu, unaijua karaha yake. Mkono wa kulia unawasha, injini inanung'unika, na vumbi la mwenzio unalila lote peke yako. Mimi nimelila sana, barabara ya Endabash kwenda Karatu, na aliyenilisha ni rafiki yangu ambaye kijiweni tulimwita Kobe. Jina lake halisi analo, lakini leo tumwache na hilo hilo, maana hata yeye ukimwita hivyo anaitika.

Endabash, kwa asiyekufahamu, ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Watalii wengi hawafiki kwetu. Wao hushika lami ya Makuyuni, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapandisha ukingo wa Bonde la Ufa, wakapita Karatu mjini kuwahi Ngorongoro. Sisi tuko kusini yake, upande wa msitu wa Marang, ule ulioingizwa katika Hifadhi ya Ziwa Manyara mwaka 2009. Kwetu ni mahindi, mbaazi na udongo mwekundu. Kiangazi udongo huo unaingia mpaka kwenye meno. Masika unageuka sabuni.

Toyo yangu, ndivyo tunavyoziita pikipiki hata kama si Toyo, ilitoka kwenye mbaazi. Mwaka 2015 bei ilikuwa nzuri, mzee akauza magunia yake, akanunua pikipiki, akasema ni ya familia. Mimi nikaelewa ni yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakuwa ya kutangaziwa watu, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia kilikuwa kile chombo. Nikakipaka bati rangi, nikatundika utepe mwekundu kwenye usukani, nikawa mtu.

Halafu ukaja mwaka 2017. Mwezi Agosti, India, ambako mbaazi zetu nyingi zilikuwa zinakwenda, ikaweka kikomo cha mbaazi za kuingiza nchini mwake. Bei ikaanguka chini kama jiwe lililotupwa korongoni. Wapo waliokata hesabu ya vibarua wa kuvuna, wakaona bora waziache shambani. Nyumbani kwetu ule mwaka hapakusemwa neno, ila toyo ya kutembelea ikawa toyo ya kulisha watu. Nikaingia kijiweni kubeba abiria, na huko ndiko nilikomkuta Kobe, mshikaji wangu tangu darasa la tatu.

Yeye alikuwa na Boxer ya mkataba. Maana yake pikipiki ni ya bosi, wewe unapeleka hesabu mpaka deni liishe, ndipo iwe yako. Sasa ungetegemea mtu wa hesabu ndiye akimbie, na mimi mwenye chombo cha baba nijidai. Ilikuwa kinyume. Nilikuwa naingia Karatu kwa dakika thelathini na kitu. Kobe alitumia karibu saa nzima. Kwenye mteremko alishusha gia akaiacha injini imshike, badala ya kuning'inia kwenye breki. Kwenye kona yenye kokoto alipunguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Akikutana na kundi la ng'ombe alizima injini kabisa, akamsalimia mchungaji, akasubiri mpaka mkia wa mwisho upite.

"We Kobe, abiria wako watazeekea njiani," nilikuwa namwambia.

"Wazeeke, bwana. Kuzeeka si kitu kibaya."

Siku moja tukiwa tunangoja abiria akaniuliza kama nakumbuka fizikia ya kidato cha tatu. Nikacheka. Akachukua kijiti, akachora chini. Mtu wa kilomita 30 kwa saa, kila sekunde anakula mita 8 na kitu. Mtu wa kilomita 60 anakula karibu mita 17. "Hapo unaona ni mara mbili tu, si ndiyo? Sasa funga breki. Mwendo ukiuzidisha mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika unazidi mara nne. Na hapo ni barabara kavu. Kwenye kokoto zetu hizi, hesabu hiyo itafute kwa Mungu." Kisha akafuta mchoro kwa kiatu, kama mwalimu. Nikamwambia aliyefeli fizikia ni mimi, lakini anayeendesha kama aliyefeli ni yeye. Watu walicheka sana. Kobe naye akacheka.

Nataka niseme jambo moja ambalo sijawahi kulisema kijiweni. Kuna alasiri tulitoka pamoja, mimi na abiria, yeye na mzigo wa vitunguu. Tulikubaliana tuongozane kwa sababu mvua ilikuwa inanukia. Nilivumilia mwendo wake kwa dakika kumi hivi, kisha nikavuta mafuta, nikampungia mkono. Karatu nikashusha abiria, nikaagiza chai na chapati mbili, nikakaa. Mvua ikapiga. Chai ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Nilikuwa najua kabisa kwamba kuna kitu kimempata, na nilikuwa najua kabisa kwamba kurudi ni kulowa. Nikaagiza ya tatu.

Alifika jioni akisukuma pikipiki. Plagi ilikuwa imegoma, na spana ya plagi, ambayo tulikuwa tunaitumia kwa zamu, ilikuwa kwenye boksi langu. Akaegesha, akasema, "Nisaidie spana." Basi. Hakusema neno jingine. Ningependa angenitukana.

Ungedhani baada ya hapo nilijirekebisha. Wapi! Mtu haachi ujinga wake kwa sababu ameona haya. Anaongeza mwendo ili haya zisimfikie. Mwezi uliofuata nilimbeba mama mmoja na trei ya mayai, thelathini kamili, ameipakata kama mtoto. Kona moja kabla ya kufika kwetu nilikuta katapila limemwaga kokoto mpya. Nikashika breki ya mbele. Kama huendeshi, nikueleze: breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, na kwa sababu hiyo hiyo kwenye kokoto ndiyo inayokuangusha, gurudumu likifunga usukani unakuwa si wako tena. Tulilala chini wote. Yule mama alichubuka kiwiko, mimi goti. Yai moja lilipona. Alilichukua, akaliweka mkononi mwangu, akaondoka kwa miguu. Nililipa mayai 29, na kijiji kizima kilijua bei niliyolipia.

Nije kwenye habari yenyewe.

Aprili 2018 masika yalikuwa makubwa. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia kwa mama, mimba yake ya kwanza. Kliniki walikuwa wamemwambia mapema kwamba mtoto amekaa vibaya, akisikia uchungu asijaribu nyumbani, aende hospitali Karatu. Uchungu ukamwanza usiku, saa nne na kitu. Gari tulilolitegemea lilikuwa limekwama upande wa pili wa korongo. Mama akanigongea. Mimi nilikuwa nimeshaamka, nimeshavaa koti, nimeshawasha toyo inaunguruma uani. Kwa akili yangu ile ndiyo siku niliyokuwa nimeumbiwa. Dakika thelathini na kitu!

Dada akatoka ameshika ukuta. Akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu, zima. Kamwite Kobe."

Nikasema dada, Kobe atachukua saa nzima, na mvua hii labda saa mbili.

"Mayai yalikushinda," alisema, polepole, akisubiri maumivu yapite, "sembuse mtoto?"

Nimetukanwa na makondakta, nimetukanwa na trafiki, nimetukanwa na baba yangu siku ya matokeo. Halijapata kuniingia neno kama lile. Na hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayechagua kiatu cha kuvalia matope.

Nilikwenda kumgongea Kobe. Hakuuliza maswali. Alikagua mnyororo kwa tochi, akapunguza upepo kidogo kwenye tairi, akaja. Tangu kanuni za mwaka 2010, pikipiki ya biashara inaruhusiwa abiria mmoja tu, na Kobe siku zote mishikaki alikuwa hakubali hata umwongeze nauli. Usiku ule alikubali: dada katikati, mama nyuma akimkumbatia, elementi ya akiba kichwani kwa dada. Mimi nikabeba beseni, khanga na chupa ya chai.

"Wewe tangulia," akaniambia. "Unionyeshe mashimo. Lakini usitoke kwenye taa yangu. Nikikukosa kwenye taa yangu, nasimama."

Basi nikatangulia. Mara ya kwanza maishani naendesha nikiangalia kioo kuliko barabara. Kila nilipojisahau mkono ukavuta, mwanga wake ulififia mgongoni mwangu, nikarudisha. Kwenye madimbwi nilishuka, nikaingia kwa miguu kupima kina, nikampungia tochi apite kushoto au kulia. Barabara niliyoipita mara mamia nilikuwa siijui. Sikujua kuwa kabla ya korongo kuna bega la mawe magumu ambalo halitelezi. Kobe alilijua. Sikujua mtelezo unaanzia wapi na unaishia wapi. Kobe alikuwa anapiga honi fupi hatua chache kabla, nami nikashusha gia. Korongoni tulikuta maji yanapita. Tulisimama, tukazima injini, tukasikiliza. Mama akaanza kuomba kwa Kiiraqw, sauti ya chini. Dada alikuwa ameuma ukanda wa khanga. Mimi mwili mzima ulikuwa unaniambia piga gia, vuka. Kobe alitia kijiti ukingoni mwa maji, akakimulika. Baada ya muda, sijui muda gani, maji yakashuka chini ya alama. Akakichomeka tena. Yakashuka tena. Ndipo akasema, "Twende."

Tulifika hospitali saa saba usiku. Alfajiri dada akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wazima. Daktari aliniambia tumewahi.

Tumewahi! Nilikaa kwenye benchi nikalirudia neno hilo kama mtu aliyesahau maana yake.

Asubuhi nilimtafuta Kobe nimshukuru kwa maneno makubwa niliyoyatunga usiku. Nikamkuta anaosha matope. Kabla sijafungua mdomo akanitajia nauli, ya watu wawili, usiku na mvua. Alitaka yote, kwa sababu hesabu ya bosi haimjui dada wa rafiki. Nikalipa. Halafu nikafungua boksi langu, nikatoa ile spana ya plagi, nikampa. Akaipokea, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia chini ya kiti chake.

"Sasa ukikwama wewe?" akauliza.

"Nitakusubiri."

Leo yeye amemaliza mkataba, Boxer ni yake. Mimi niko Arusha mjini, nahangaika na kalamu kama wewe unayenisoma. Nikirudi likizo tunaazima toyo ya mzee, tunakwenda Karatu wawili, yeye mbele, mimi nyuma, na vumbi nalila lile lile. Mpwa wangu anaanza kujifunza kuhesabu. Juzi amehesabu mayai ya kuku wa bibi yake mpaka ishirini na tisa, akasimama, akaniangalia. Sijui nani kamfundisha.