Kidude cha kioo juu ya meza yangu

Wadau nimeadimika, nilikuwa field. Hapa hosteli nina donge la kioo saizi ya chungwa, ndani lina maua madogo madogo. Kazi yake kukandamizia karatasi zisipeperuke, basi. Baba mdogo alirudi nalo kutoka Scotland alikosoma, akanipa nilipopata chuo.

Sasa bumu limechelewa, rumu-meti kanishauri nikiuze kwenye mtandao. Nikaanza kusoma. Kumbe aliyepeleka ufundi huu kule si Mskoti hata! Ni Mhispania, Salvador Ysart, aliyefika Scotland 1915. Mwanawe Paul akaanza kutengeneza vidude hivi pale Perth miaka ya 1930. Kioo cha rangi kinavutwa kikiwa cha moto mpaka kiwe kijiti, kinakatwa vipande, vinapangwa kama maua, halafu vinafunikwa kwa kioo cheupe. Kwenye kazi zake nzuri Paul alitia kipande chenye herufi PY, na wakusanyaji wanakitafuta hicho kwa lenzi.

Mimi mtu wa ualimu nimependa hili: 1963 kiwanda cha Caithness Glass kilimchukua afundishe vijana. Wengine walifuata, kama Perthshire Paperweights wa Crieff, waliofungua 1968 na kufunga 2002.

Changu nimekigeuza chini ya taa mara tatu. PY hakuna. Rumu-meti kacheka mpaka basi.

Nimekirudisha juu ya noti. Baba mdogo akija Jumamosi nitamuuliza alikinunua wapi, ila habari ya kuuza, jamani, msimwambie.