Mti Haurudi

Upinde ule ulikaa juu ya kabati miaka mingi, tangu mzee alipohamia kwa mwanawe Toangoma, wilayani Temeke, akitokea Mkalama mkoani Singida. Ulikuwa wa mti wa mkole, na upote wake wa kano zilizosokotwa. Ufundi wa kuuchonga aliupata ujanani kwa Wahadzabe, ambao pinde zao huhitaji nguvu ya karibu kilo 30 kuvutwa hadi mwisho. Kwa mtoto wa shule hiyo ni adhabu.

Mjukuu ndiye aliyeuteremsha. Gunia la makumbi ya nazi likaegemezwa kwenye ukuta wa matofali usiomalizwa (vitongoji vile vimejaa kuta za namna hiyo), nao wakasimama hatua 15. Mshale wa kwanza ulikwenda kushoto, ukaingia kimshazari. Wa pili vivyo hivyo. Kijana akalilaumu jicho lake.

"Jicho lako zima," babu alisema. "Hebu vuta tena, usiachie."

Upinde ulivutika nusu tu.

Aghalabu watu hudhani kwamba mshale huruka umenyooka kama fimbo. Sivyo. Upote unapousukuma, wano hupinda, likajipitisha kando ya mti wa upinde, kisha likapinda upande wa pili, likitikisika kama samaki mpaka litulie. Likiwa gumu kuliko nguvu inayolisukuma, halipindi vya kutosha. Na kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale hutupwa kushoto. Likiwa laini mno, hutupwa kulia. Mishale ile ilichongewa mvuto kamili wa mtu mzima.

Dawa zilikuwa mbili: kupunguza mishale ama kupunguza upinde. Babu alianza na mshale mmoja, kwani mshale ukiharibika huchongwa mwingine. Akauparuza kwa kigae cha chupa, akiujaribu kwenye goti kila baada ya muda, akabadilisha na unyoya wa kanga ulioliwa na wadudu. Sasa ulikwenda sawa, lakini bila nguvu; uligusa gunia ukaanguka.

Mzee alinyamaza kitambo. Hakuwa ameuvuta upinde ule tangu bega lilipoanza kumsumbua, wala hapakuwa na mtu nyumbani aliyethubutu kumwuliza kama ataweza tena.

"Tuuache, babu. Nitakua, nitauvuta."

"Utakua lini? Na mimi nitakuwepo?"

Akafungua upote, akaulaza upinde mapajani, akaanza kuparuza tumbo lake, upande unaomwelekea mpigaji: mara 20 nusu ya juu, mara 20 nusu ya chini, akihesabu kwa sauti ili moja isizidi nyingine kwa ulaini. Kila mara alisimama, akautia upote, akampa kijana avute. Bado. Akaendelea.

Magharibi ilipokaribia, kijana aliuvuta hadi shavuni. Mshale uleule ulioparuzwa ukazama katika makumbi, kitako chake kikimwelekea aliyeutuma.

"Haya, babu, zamu yako," akasema, akimnyoshea upinde.

Mzee akaupokea kwa mikono miwili.