Babu, Tintin na Mito ya Ubelgiji

Kwa kuwa mimi ni Mkongo ninayesomea Kiswahili, wenzangu huniuliza mara kwa mara kama ni sawa hadithi ya katuni ya *Tintin au Congo* kuendelea kuchapishwa. Jibu langu ni ndiyo. Ichapishwe, tena nzima, katika sura yake ya kwanza.

Mchoraji wake, Georges Remi, anayejulikana zaidi kwa jina la Hergé, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1907 wala hakuwahi kufika Kongo. Aliichora hadithi hiyo mwaka 1930 na 1931 katika *Le Petit Vingtième*, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels. Aliyemsukuma kumpeleka Tintin Kongo ni mkurugenzi wa gazeti hilo, Padri Norbert Wallez. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 1946 Hergé aliichora upya kwa rangi, akaifupisha hadi kurasa 62, na toleo hilo ndilo lililoenea duniani.

Nimeyasoma matoleo yote mawili, nikayalinganisha ukurasa kwa ukurasa kama tunavyofundishwa kulinganisha nakala za utenzi mmoja. Kuna mahali pamoja ninapoparudia kila mara. Katika toleo la kwanza, Tintin anasimama mbele ya darasa la misheni na kuwaambia watoto wa Kongo kwamba atawafundisha habari za nchi yao, yaani Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo limekuwa hesabu: mbili kujumlisha mbili. Anauliza, na hakuna mtoto anayejibu.

Watu huyaita mabadiliko hayo masahihisho. Lakini ni kipi kilichosahihishwa? Jina la mkoloni limeondolewa, dharau imeachwa palepale. Tena imezidi, kwa kuwa sasa watoto wetu wanaonekana hawawezi hata kujumlisha.

Babu yangu alisoma shule ya misheni huko Katanga katika miaka ya 1950. Hadi leo anaweza kukutajia mito ya Ubelgiji bila kusita: Meuse, Escaut, Sambre. Nilipomwonyesha picha ya darasa la toleo la kwanza, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mjukuu wangu, huyu hakudanganya. Ndivyo tulivyofundishwa. Mito ya kwetu tuliijua baadaye.” Nilipomwonyesha ile ya hesabu, alinirudishia kitabu bila neno.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya majuzuu ya mkusanyo. Mwaka 1973 kampuni ya Casterman ilianza kutoa *Archives Hergé*, na juzuu la kwanza likairudisha hadithi hii kama ilivyokuwa mwanzo, pamoja na hadithi nyingine za mwanzo za mchoraji huyo. Mwaka 2023 toleo hilo la kwanza lilitolewa tena, safari hii likiwa limetiwa rangi na kuwekewa utangulizi. Msomaji wa juzuu kama hilo haoni hadithi iliyooshwa uso. Anaona tarehe, mpangilio na mawazo ya wakati ule. Akiendelea hadi *Le Lotus bleu*, iliyoanza kutoka mwaka 1934, atakuta Hergé amebadilika: anawatetea Wachina dhidi ya uvamizi wa Wajapani, kwa sababu alikuwa amepata rafiki Mchina, Zhang Chongren, aliyemweleza nchi yake ilivyo. Sisi Wakongo hatukuwa na Zhang wetu mezani pake.

Siwadharau wanaotaka kitabu hiki kiondolewe. Mwaka 2007 mwanafunzi Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani akitaka kizuiwe, au angalau kiwekewe onyo kama toleo la Kiingereza. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilimkatalia. Ombi lake la kwanza siliungi mkono. La pili naliunga mkono, na ningeongeza jambo moja: maelezo hayo yaandikwe na Wakongo, si kuhusu Wakongo. Na yaandikwe pia kwa Kiswahili na Kilingala, lugha ambazo watoto wa darasa lile wangeweza kumjibia Tintin.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeficha ukurasa wa aibu hapati msomaji mwenye busara. Anapata msomaji anayedhani ukoloni ulikuwa somo la hesabu. Wazee waliokalia madawati yale wanapungua kila mwaka. Watakapokwisha, ushahidi wa somo lile utabaki kwenye karatasi, na ni wajibu wa wachapishaji kutuachia karatasi hizo bila kuzifuta.