Rungu Lisilopiga Hodi: Kuisoma Picha ya Kibera

Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mwenye macho hana budi kuambiwa ayatazame, tena kwa utulivu, maana jicho lenye pupa huyapitia juu kama mvua ya Ukambani ipitavyo juu ya mwamba. Picha ya kisiasa ni miongoni mwa mambo hayo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulihakiki shairi kwa kuchunguza fani na maudhui yake. Katika insha hii nakusudia kuisoma picha moja kwa jicho hilohilo.

Picha hiyo ilipigwa mtaani Kibera, Nairobi, tarehe 17 Januari 2008. Mpiga picha ni Walter Astrada, raia wa Argentina aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la AFP. Siku hiyo ilikuwa ya pili katika siku tatu za maandamano yaliyoitishwa na chama cha ODM kupinga matokeo ya urais yaliyotangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Picha za Astrada kuhusu ghasia hizo zilituzwa katika shindano la World Press Photo mwaka 2009. Katika hii ninayoizungumzia, mtoto wa kiume yuko mlangoni pa nyumba yao, kinywa wazi, akipiga mayowe. Askari mwenye rungu anaukaribia mlango huo.

Tuanze na suala la wakati. Katika picha ya Eddie Adams iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1969, mkuu wa polisi anamfyatulia mfungwa risasi hadharani mjini Saigon. Pale mtazamaji amekwisha kuchelewa. Astrada anatuweka kabla ya tendo: rungu bado halijatua. Aghalabu mwandishi wa riwaya huhitaji kurasa kadhaa kuijenga taharuki ya namna hii. Hapa imejengwa na nafasi ndogo iliyobaki kati ya mtoto na askari, nafasi ambayo mtazamaji hawezi kuiziba wala kuipanua.

Pili, tuutazame mlango. Katika utamaduni wetu mlango ni mahali pa maneno. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji hujibu karibu, na mara nyingi mtoto ndiye anayetumwa kwenda kuangalia ni nani aliyekuja. Picha inaupindua utaratibu huo wote. Mtoto yuko mahali pake pa kawaida, lakini anayekuja hakupiga hodi, na jibu la mtoto ni yowe ambalo sisi hatulisikii. Kinaya kikubwa ni kwamba anayeuvunja utaratibu wa hodi ni mtumishi wa dola, yule aliyeajiriwa kuulinda mlango huo.

Tatu, kuna rungu lenyewe. Katika siasa za Kenya chombo cha mkononi hakikosi maana. Mzee Jomo Kenyatta alijulikana kwa mgwisho wake, naye Rais Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, alijulikana kwa rungu. Lugha yetu inatumia neno lilelile kwa fimbo ya heshima ya kiongozi na kwa kigongo cha askari. Anayejua Kiswahili haoni taabu kuuona uhusiano huo. Isitoshe, rungu la pichani ni upande mwepesi wa ukweli. Tume ya Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Tume iliwalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi.

Je, sisi wa Kitui na Makueni tunahusikaje na mlango wa Kibera? Wapigakura wengi wa kwetu walimchagua Kalonzo Musyoka, aliyeshika nafasi ya tatu. Tarehe 8 Januari 2008, siku tisa kabla ya picha hii kupigwa, aliteuliwa Makamu wa Rais. Kwetu hakukuwaka moto kama ule wa Eldoret au Naivasha. Ghasia tulizifahamu zaidi kwa redio, televisheni na magazeti, na ilikuwa rahisi kusema kwamba hayo ni ya wengine, sisi tumekaa katikati.

Nilipomwonyesha nyanya yangu huko Kitui picha hii, hakushughulika na habari za tuzo. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Mjukuu wangu, huyu askari ni mtoto wa nani?” Nilitarajia aulize habari za yule mtoto anayelia. Lakini bibi wa Ukambani ana sababu ya kuuliza hivyo. Tangu enzi za King's African Rifles, vijana wetu wameingia kwa wingi katika jeshi na polisi, na mshahara wa askari umesomesha watoto wengi katika miaka ya ukame. Sare inaficha ukoo wa mtu, haiufuti.

Swali hilo linadhihirisha kile ambacho mpangilio wa picha umetunyima. Ndani yake hakuna katikati. Upo upande wa mlango na upo upande wa rungu, na mtu wa Kitui anaweza kuwa na jamaa pande zote mbili. Ndiyo maana naona uhakiki wa picha kama hii usiishie kwenye kuorodhesha ishara zake. Mhakiki hana budi pia kuuliza ni akina nani waliobaki nje ya fremu, na kama yeye mwenyewe ni mmoja wao. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na huenda ana mlango wake mwenyewe. Tumwombee wote watakaoufikia wapige hodi.