Tamales: Chakula cha Mikono Mingi

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Nami nilijifunza mjini Oaxaca, nchini Meksiko, kuwa mkono mmoja haupiki tamales za Krismasi.

Tulikuwa marafiki watano jikoni mwa bibi mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vimeshikwa na baridi yabisi. Hakuweza tena kukanda, na vipimo vyake havikuandikwa popote. Tusingejifunza, vingekwenda naye.

Mahindi huchemshwa katika maji ya chokaa, kisha hulazwa humo usiku kucha. Chokaa hulegeza maganda, tena huifungua vitamini ambayo mwili hauipati vema katika mahindi matupu. Yakisha kusagwa, donge lake hupigwa pamoja na mafuta ya nguruwe.

"Mpaka lini?" tuliuliza.

Bibi alidondosha kidonge katika glasi ya maji. Kikazama.

"Pigeni tena, wanangu."

Tulipokezana hadi kidonge kikaelea. Ndipo tulipopaka donge juu ya majani ya mgomba, tukatia nyama ya kuku na mole, yaani mchuzi mzito wa pilipili kavu na viungo, tukakunja na kupika kwa mvuke.

Basi, ndugu msomaji, iwapo nyumbani mwako yumo mzee ajuaye upishi usioandikwa, usingoje kupakuliwa tu. Ingia jikoni pamoja na wanao, wa kike na wa kiume, mjifunze angali yupo wa kuwaambia, "Pigeni tena."