Jamaa Aliyepambana na Serikali kwa Ajili ya Bunduki za Plastiki (na Hakurusha Hata Gololi Moja)

Ukisikia mtu anapambana na serikali kuhusu bunduki, picha inayokuja ni mabango, kelele na mabomu ya machozi. Huyu jamaa wa Uingereza, jina kapuni, hana mambo hayo. Mchana ni fundi bomba. Jumapili anavaa kombati, anaingia msituni na washkaji zake wanapigana kwa bunduki zinazorusha gololi za plastiki. Na usiku, kwa miaka kadhaa, alikuwa anasoma miswada ya bunge. Bure. Hakuna aliyemlipa hata senti.

Mchezo wenyewe unaitwa easofti. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida kumiliki bunduki ya kweli ni shughuli pevu, kwa hiyo wapenzi wa bunduki wakatengenezewa za kuigiza. Gololi yake ni ya plastiki, upana milimita 6, na nyingi zina uzito wa gramu 0.20. Haina rangi kama ile ya peintiboli, kwa hiyo ukipigwa hakuna doa la kukuumbua. Unanyoosha mkono mwenyewe, unasema nimekufa, unatoka. Ukiamua kukausha kimya, unaweza kukausha. Ni mchezo unaotegemea watu kusema ukweli, jambo ambalo kwa dunia ya leo ni la kushangaza kidogo.

Sasa utamu wake na balaa lake ni kitu kimoja: zile bunduki zinafanana na za kweli. Siyo kufanana kama bunduki za maji wanazonunuliwa watoto sikukuu. Zinafanana kweli kweli, uzito, chuma, hadi mkanda. Ukiwa hatua kumi huwezi kutofautisha.

Na polisi naye hawezi.

Mwaka 2006 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu, na ndani yake kukawa na vifungu vya bunduki bandia zinazofanana na za kweli. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2007 ikawa kosa kuzitengeneza, kuziingiza nchini au kuziuza. Kuna waliosamehewa: watu wa filamu, maigizo, makumbusho, na wale wanaoigiza vita vya kale. Wachezaji wa easofti hawakuwemo kwenye orodha ya sheria yenyewe. Waliponea kwenye kanuni zilizotoka mwaka 2007, kwamba kama bunduki ni ya kuchezea kwenye mchezo uliopangwa na wenye bima, basi muuzaji ana utetezi. Asiye na utetezi huo anauziwa yenye rangi za kung'aa, nyekundu, njano, pinki na kadhalika. Hebu fikiria komando mwenye bunduki ya pinki.

Wafanyabiashara wakajitengenezea utaratibu wao wa kuthibitisha nani ni mchezaji kweli. Unatakiwa ucheze angalau mara 3, na kati ya mara ya kwanza na ya mwisho zisipungue siku 56, ndipo uwanja unakuingiza kwenye daftari. Watu wengi wanadhani hilo daftari ndiyo sheria. Siyo. Ni ushahidi tu wa kumlinda muuzaji.

Hapo ndipo wachezaji walipong'amua kitu. Wenye maduka wanalo daftari lao. Wenye viwanja wana biashara yao. Mchezaji mwenyewe, anayetoa hela, nani anamsemea? Ndiyo chanzo cha chama kama kile alichokuwemo huyu jamaa. Ofisi hakuna. Mshahara hakuna. Vikao ni kwa simu saa tatu usiku, watoto wakishalala, mmoja anaongea huku anaosha vyombo. Wanachama wanajaa pale wanapoogopa, hofu ikiisha wanayeyuka. Mwenye kikundi cha WhatsApp cha michango anaelewa hii hali.

Ishu kubwa ilikuja mwaka 2015. Sheria ya silaha ya Uingereza, ile mama, ni ya mwaka 1968. Inasema silaha ni chombo chenye mtutu chenye uwezo wa kuua. Sawa, lakini uwezo wa kuua unaanzia wapi? Karibu miaka 50, sheria haikuweka namba. Mwezi Julai Tume ya Kurekebisha Sheria ikatoa waraka wa kukusanya maoni, na namba iliyokuwa mezani ilikuwa jouli 1. Chombo kikirusha kitu kwa nguvu inayozidi hapo, ni silaha.

Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni fizikia ya kidato cha tatu, unaipita. Jamaa akachukua kikokotoo. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde inabeba jouli 1 kamili. Viwanja vingi vya Uingereza vilikuwa vinaruhusu hadi futi 350 kwa sekunde, yaani kama mita 107. Hesabu inaleta jouli 1.14.

Imezidi. Kidogo tu, lakini imezidi.

Kinachofuata ndicho kilimkosesha usingizi. Bunduki nyingi za easofti zina betri, ukibana kifyatuo zinamimina mfululizo. Kwa sheria ile ya 1968, silaha inayomimina mfululizo iko kundi moja na bombomu, kundi lililopigwa marufuku, na mtu mzima akikutwa nayo kifungo cha kuanzia ni miaka 5. Hakimu hana uhuru wa kushuka mpaka ziwepo sababu za kipekee kabisa. Yaani kama namba ile ingepita hivi hivi, bila kifungu cha kuwaokoa wachezaji, fundi bomba aliyeweka plastiki yake chini ya kitanda angeweza kulala raia na kuamka mhalifu mkubwa, na hajagusa kitu.

Akaanza kuandika maoni ya chama. Na hapo akakutana na mtego ambao hakuutegemea, neno lenyewe la kutumia. Ukiwaambia watunga sheria "hii ni toi", wanakuuliza mbona toi inaumiza macho, mbona hamuwauzii watoto. Ukiwaambia "hii ni bunduki", basi umejifunga mwenyewe, nenda kaombe leseni. Kwenye kikundi chao watu waligombana wiki nzima juu ya neno. Wapo waliotaka chama kikatae namba yoyote ile. Mmoja akamwandikia kabisa kwamba ameuza mchezo, eti kwa sababu kwenye rasimu alikubali kwamba lazima kuwe na kikomo cha nguvu. Mtu huyo huyo hakuwahi kuhudhuria hata kikao kimoja. Wapo kila mahali hawa.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya ndefu ya kusema bunduki hizi hazina madhara yoyote, serikali inakuza mambo. Ameichapa, anajisikia vizuri. Mkewe, ambaye hachezi na wala hapendi ule mzigo wa matope sebuleni kila Jumapili, akaisoma akiwa amesimama. Akamuuliza swali moja tu: yule mtoto wa Cleveland alikuwa ameshika nini?

Novemba 2014, mji wa Cleveland, Marekani, mtoto mwenye miaka 12 alikuwa anachezea bunduki kwenye bustani ya umma. Mtu akapiga simu polisi. Polisi walipofika, ndani ya sekunde chache mtoto akapigwa risasi, na kesho yake akafariki. Alichoshika kilikuwa cha easofti. Ile ncha ya rangi ya chungwa ya kuonyesha ni bandia haikuwepo.

Na Uingereza yenyewe wanalo lao. Mwaka 1999, London, mwanaume mmoja alipigwa risasi na polisi akiwa amebeba mfuko wenye mguu wa meza. Mtu aliyemripoti alidhani ni bunduki. Mguu wa meza!

Jamaa hakumjibu mkewe usiku ule. Alikwenda kulala, akaamka saa kumi na moja, akaifuta ile aya yote. Badala yake akaandika mambo mawili yaliyo tofauti na ambayo watu hupenda kuyachanganya. La kwanza, gololi ya plastiki kwa nguvu ile haiui, ila jicho inatoboa, ndiyo maana miwani ya kinga ni lazima uwanjani na hakuna mjadala. La pili, hatari ya kweli ya kitu hiki iko kwenye sura yake kikiwa barabarani, na hiyo haipimwi kwa jouli. Bunduki ya nusu jouli na ya jouli mbili zinamtisha polisi sawasawa. Kwa hiyo akaeleza wachezaji wanavyofundishwa: bunduki ndani ya begi hadi uwanjani, usiitoe kwenye gari, usipige nayo picha dirishani.

Baadhi ya wanachama walichukia. Wakasema anawapa polisi maneno ya kuja kuwafungia. Ukweli ni kwamba ile aya ya kwanza ingesomwa na mtu yeyote mwenye akili pale kwenye Tume na kutupwa, maana kila mtu alikuwa ameiona video ya Cleveland.

Akaenda pia kwa mbunge wake. Kule wabunge wana utaratibu wa kukaa jimboni, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi, wananchi wanapanga foleni na shida zao. Alipewa dakika kumi. Alikuwa amejiandaa, ana karatasi, ana hesabu zake za futi na mita. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mama mwenye mtoto anayekohoa, na picha za ukuta wa chumba chao uliooza kwa ukungu. Jamaa aliziona zile picha kabla hajaingia. Akaingia, akaongea dakika nne, akashukuru, akatoka. Baadaye aliwaambia wenzake alizungumza vizuri tu. Hakuwaambia kwamba alizikata dakika sita kwa sababu alijisikia vibaya kumwekea foleni yule mama kwa habari za mchezo.

Hilo linajadilika. Kuna atakayesema haki ni haki, hata ya starehe, na miaka 5 jela siyo starehe. Ni kweli. Lakini mtu ambaye hajisikii chochote mbele ya picha kama zile, huyo asiwe msemaji wa chama chochote.

Desemba 2015 Tume ikatoa ripoti. Jouli 1 ikabaki kuwa mstari wa silaha, ila easofti ikapendekezewa mlango wake: inayomimina mfululizo isizidi jouli 1.3, inayopiga moja moja isizidi 2.5, na iwe ya kurusha gololi za plastiki. Februari 2016 serikali ikapeleka bungeni muswada wa polisi na uhalifu. Muswada ule ulikuwa kapu la kila kitu, kuna zimamoto humo, kuna dhamana ya polisi, na ndani kabisa kuna gololi. Jamaa alifuatilia hatua zote, kamati, kurudi bungeni, kwenda kwa malodi, kurudi tena. Kila kinapoguswa kifungu anakimbilia kuangalia kama ile 1.3 bado ipo. Mwenzake mmoja alimwambia anaangalia bunge kama watu wanavyoangalia mkeka wa kubeti.

Ikawa sheria tarehe 31 Januari 2017, na sehemu ya silaha ikaanza kufanya kazi tarehe 2 Mei. Ile 1.3 ipo. Ile 2.5 ipo. Kipenyo cha gololi kimewekwa kisizidi milimita 8.

Je, ni yeye aliyeleta hayo? Mwenyewe anakataa kusema hivyo. Waliotoa maoni walikuwa wengi, wenye maduka nao walikuwemo, na Tume ina wanasheria wake wanaojua kupima. Ukimbana sana anasema tu kwamba barua ya chama ilikuwepo kwenye rundo.

Jumapili iliyofuata uwanja ulikuwa vile vile. Matope yale yale, chai ile ile ya kwenye chupa, kijana wa mlangoni na kipima mwendo chake. Hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu hakukuwa na tofauti ya kuona. Haikupita hata miezi miwili, mwanachama akamtumia ujumbe: "Hivi nyie chama ada yetu mnafanyia nini hasa?" Yule aliyemuita msaliti hakulipia mwaka mpya kabisa.

Aliandika jibu refu, lenye tarehe na vifungu. Mkewe akamwambia hilo halisomwi na mtu. Akalifuta, akaandika mistari miwili.

Baadaye uongozi wa chama ameuachia. Aliyepokea ni kijana wa miaka 23, anafanya kazi ghala la vifurushi, na kitu cha kwanza alichokikuta kwenye barua pepe ni ujumbe wa mama anayeuliza kama mwanawe wa miaka 17 anaweza kununua moja. Kununua hawezi mpaka afike 18, ila kupewa zawadi na mzazi inaruhusiwa. Kijana akampigia simu jamaa kuuliza kama hilo kweli ni sheria au ni stori za kijiweni. Jamaa alikuwa chini ya sinki la mtu, simu kaishikilia kwa bega, akamtajia mwaka wa sheria na kifungu chake kwa kichwa.

Wadau, ungekuwa wewe, zile dakika sita kwa mbunge ungezitumia au ungemuachia yule mama? Dondosha maoni hapo chini.